Kodi, Kura na Mlango

Nyumba yenye watu wengi haikosi maswali matatu. La kwanza ni nani atoe, na atoe kiasi gani. La pili ni nani aseme wakati mambo ya nyumba yanapoamuliwa. La tatu ni nani aingie, akae, na ahesabiwe kuwa mwenyeji. Nyumba ikiwa ndogo, mzee mmoja huweza kuyajibu yote matatu akiwa ameketi juu ya mkeka wake. Nyumba ikiwa nchi, maswali hayo huitwa kodi, kura na uhamiaji, na watu huyajadili sokoni, garini, barazani na bungeni, mara nyingi kwa sauti iliyo kubwa kuliko hoja.

Kazi yangu ni ualimu, na sehemu ya kazi hiyo ni kusimamia midahalo ya wanafunzi. Nimewasikia vijana hodari wakibishana juu ya kodi katika muhula mmoja, juu ya uchaguzi katika muhula wa pili, na juu ya wageni na mipaka katika muhula wa tatu. Husema vizuri, lakini huyatenga mambo haya kana kwamba hayajuani. Mimi naona kuwa ni kama mafiga matatu. Ukiliondoa moja, chungu hakikai, hata kama mawili yaliyobaki ni imara. Historia ya nchi yetu yatosha kulithibitisha neno hili, na yeyote atakaye kubishana juu ya mambo ya leo hana budi kuijua kwanza.

Mwaka 1901 utawala wa Kiingereza uliweka kodi ya nyumba katika nchi iliyoitwa wakati ule Himaya ya Afrika Mashariki. Mtu alihesabiwa nyumba zake. Mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara mbili. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba naye asipone. Kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Ng'ombe aliuzwa, au mwenye nyumba aliondoka akaenda kuitafuta rupia katika shamba la mlowezi. Baadhi ya watawala walisema waziwazi kuwa hilo lilikuwa moja ya makusudi ya kodi: kuwatoa watu makwao wakafanye kazi ya mshahara. Basi kodi ile ilijaza hazina kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili iliwasukuma watu njiani.

Walipokuwa njiani, walikutana na sheria nyingine. Amri ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima alipaswa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi yake na mwajiri wake. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Mfanyakazi aliyeondoka kwa bwana wake pasipo kutiwa sahihi katika kipande aliweza kutafutwa na kushtakiwa kuwa ni mtoro. Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyoshikana: kodi ilimlazimisha mtu kuhama, na kipande kikamwamuru ahame namna gani. Katika yote mawili hakuulizwa neno.

Kuna waliokuwa wakiulizwa. Mwaka 1919 sheria iliwapa walowezi wa Kizungu haki ya kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1920 wakapiga kura. Mwaka 1921 serikali ilianzisha kodi ya mapato, ambayo ingewagusa hasa wenye kipato kikubwa. Walowezi waliipinga kwa nguvu, na mwaka 1922 ikafutwa. Haikurudi mpaka mwaka 1937. Katika miaka hiyohiyo kodi ya Mwafrika ilipandishwa ikafika shilingi 16. Aliyekuwa na kura aliikataa kodi ikaondoka, na asiyekuwa na kura aliongezewa. Mwanafunzi anayeuliza kura ina faida gani, maana haijazi tumbo, na asome habari za miaka hiyo mitatu.

Wasiokuwa na kura walikuwa na vinywa na miguu. Harry Thuku, karani wa simu mjini Nairobi, aliwakusanya watu kupinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukapigwa risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa, na wengine walisema kuwa walizidi hapo. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Mwaka huohuo kodi ilishushwa mpaka shilingi 12. Upungufu wa shilingi nne ulinunuliwa kwa bei ambayo hakuna duka lingethubutu kuiandika.

Mwaka uliofuata, 1923, figa la tatu lilionekana wazi. Wahindi waliokuwa wakiishi Kenya walidai kura iliyo sawa na ya Wazungu, na walowezi nao walidai Wahindi wazuiwe kuingia nchini kwa wingi. Mashauri yakapelekwa London. Serikali ya Uingereza ikatoa waraka uliotangaza kuwa maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Wahindi wakapewa viti vitano katika orodha yao ya peke yao, ombi la kuwafungia mlango kwa sababu ya rangi likakataliwa, na ardhi ya nyanda za juu ikabaki kuwa ya Wazungu. Mwafrika, ambaye maslahi yake yalitangazwa kuwa ya kwanza, hakupewa kiti cha kuchaguliwa hata kimoja. Alingoja mpaka mwaka 1944 kumwona Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akiingia katika Baraza lile, naye aliingia kwa kuteuliwa.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane, na miongoni mwao walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Lakini kura hiyo ilipimwa kwa mizani. Elimu, mapato, mali, umri na utumishi vilihesabiwa, na mtu aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hata kura tatu, hali jirani yake asiyetimiza hata moja hakupewa kitu. Walioitetea mizani hiyo walikuwa na hoja, na si adabu ya mdahalo kuificha hoja ya upande wa pili. Walisema kuwa mambo ya serikali ni mazito, kwamba aliyesoma huyaelewa zaidi, na kwamba mwenye mali ana mengi ya kupoteza.

Hoja hiyo ina sura nzuri mpaka uitazame kwa karibu. Mwenye mali akikosea katika uchaguzi hupoteza sehemu ya mali. Maskini akikoseshwa uchaguzi hupoteza mlo wa jioni. Ni nani basi mwenye mengi ya kupoteza? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hiyo ndiyo sababu mwenye njaa hawezi kumwachia mwenye shibe amsemee siku zote. Mizani ile ilivunjwa katika uchaguzi wa Mei 1963, ambapo kila mtu mzima alikuwa na kura moja, na tarehe 12 Desemba mwaka huo nchi ikapata uhuru.

Hapa kijana mwepesi wa fikra ataninyanyulia mkono. Atasema, "Mwalimu, kama kodi na kura ni ndugu, mbona mimi nalipa kodi wala sipigi kura?" Swali hilo ni la haki. Mwanafunzi wa miaka 16 anaponunua sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, iliyokwisha kutiwa ndani ya bei. Mtalii kutoka Ujerumani hulipa pia. Kwa upande mwingine, bibi kizee asiye na pato lolote ana kura iliyo sawa na ya tajiri anayelipa kodi ya mamilioni. Haiwezi basi kuwa kweli kwamba kura hununuliwa kwa kodi. Ingekuwa hivyo, tungerudi kwenye mizani ya 1957, na mwenye kulipa zaidi angedai kura zaidi.

Jibu langu ni hili. Haki ya kura haitoki mfukoni. Hutoka katika kuwa mmoja wa watu ambao maisha yao yatafungwa na uamuzi wenyewe. Mtalii atarudi kwao wiki ijayo. Mwanafunzi atafikia miaka 18 na zamu yake itakuja pasipo kuiomba. Bibi kizee hana pa kwenda, na kila sheria itakayotungwa itampitia. Lakini yuko mtu wa namna ya nne, na huyo ndiye anayeupima uaminifu wetu: mtu anayelipa leo, atakayelipa kesho, asiye na kwao pengine, na ambaye zamu yake haiji.

Nilimjua mtu kama huyo. Nilikulia katika kaunti ya Kwale, na darasani niliketi dawati moja na kijana wa Kimakonde. Wamakonde wa Pwani walitoka Msumbiji, na wengi wa wazee wao walikuja tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa. Wengine ni wachongaji, na vinyago vyao vimepamba nyumba nyingi za wageni. Uhuru ulipokuja hawakuandikwa kuwa raia. Watoto wakazaliwa hapa, wakazaa hapa, nao wajukuu wakazaliwa hapa. Rafiki yangu alikuwa mmoja wa wajukuu hao. Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili changu, na katika hesabu alinishinda.

Tulipotimiza miaka 18 nilikwenda kuomba kitambulisho, nikakipata. Yeye alikwenda, akaambiwa alete karatasi za babu yake. Babu yake hakuwa na karatasi ila makovu ya mkonge mikononi. Kuanzia siku hiyo njia zetu ziligawanyika, ingawa tulikaa kijiji kimoja. Mimi niliingia chuo cha ualimu. Yeye hakuweza kufungua akaunti ya benki, wala kuandikishwa kazi ya kudumu. Laini ya simu aliyotumia ilikuwa kwa jina la jirani, na siku jirani aliposafiri akiwa amekasirika, fedha za mwezi mzima zilikwama. Katika uchaguzi wa 2013 alinisindikiza mpaka kituoni. Alikaa chini ya mwembe nje ya ua akaningoja. Nilipotoka na wino kidoleni nilimwuliza kama hakuchoka kungoja. Akanijibu, "Ndugu yangu, dukani hawaniulizi kitambulisho."

Sijapata kusikia katika mdahalo wowote hoja fupi kuliko hiyo. Dukani hakuulizwa kitambulisho kwa sababu kodi haichagui. Huingia katika sabuni, katika mafuta ya taa na katika ada ya kutuma fedha kwa simu. Mlango wa kutoa ulikuwa wazi kwake mchana na usiku. Mlango wa kusema ndio uliokuwa na komeo. Wahenga walituachia methali ya kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee wake walipewa jembe, wakalima, wakazeeka nalo. Methali haikutaja ni siku ya ngapi ambapo mwenye jembe huacha kuitwa mgeni, na sisi warithi wa methali tukaona ni heri swali hilo lisiulizwe.

Wao wenyewe waliliuliza. Katiba ya 2010, na sheria ya uraia ya 2011 iliyoifuata, ilitoa nafasi kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwamo Kenya tangu uhuru kuomba waandikwe. Karatasi ilisema hivyo, lakini miaka ilipita. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi, wakapokelewa na Rais, na amri ikatoka wapewe vitambulisho. Katika uchaguzi wa Agosti 2017 rafiki yangu hakuketi chini ya mwembe. Alipanga foleni mbele yangu. Baada yao Washona, na kisha Wapemba, nao walitambuliwa kuwa watu wa nchi hii.

Nisieleweke kuwa nasema nchi haihitaji mlango. Nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni njia. Serikali ina wajibu wa kujua nani ameingia, na wanaoogopa hati za uongo na wahalifu wanaovuka mipaka hawana wazimu. Hofu yao ina misingi. Ninalolisema ni kwamba mlango uwe na kanuni moja kwa wote. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipoomba kitambulisho alipitishwa katika mchujo ambao kijana wa sehemu nyingine hakupitishwa, hali wote wawili ni raia kwa kuzaliwa. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa mchujo huo wa ziada, na wengine wakalalamika kuwa mlango umeachwa wazi mno. Mabishano hayo ni halali. Lakini anayeyaingia na ajiulize kwanza: je, kanuni ninayoitaka kwa jirani yangu, naikubali kwa mwanangu?

Sasa nirudi kwenye kodi, maana vijana wa siku hizi wamelijua figa hilo kwa uchungu. Mwezi wa Mei 2024 Mswada wa Fedha ulipofikishwa bungeni, ulikuwa na mapendekezo ya kodi mpya, pamoja na ile ya mkate, ambayo iliondolewa kabla ya kura ya mwisho. Vijana walijaa barabarani. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliukubali mswada na 106 waliukataa. Siku hiyohiyo watu waliingia kwa nguvu katika majengo ya Bunge, na vijana wakapoteza maisha kwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi.

Mdahalo wa haki juu ya siku zile una pande mbili. Serikali ilikuwa na madeni ya kulipa, walimu wa kuajiri na hospitali za kutunza, na hakuna nchi iliyojengwa kwa mikono mitupu. Wananchi nao walikuwa na bei zilizopanda na mashaka juu ya matumizi ya fedha walizokwisha kutoa. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kifungu cha 210 kinakataza kodi yoyote isiyowekwa kwa sheria. Tofauti kati ya 1922 na 2024 ndiyo hii: mwaka 1922 watu walipigania kupata sauti ambayo sheria iliwanyima, na mwaka 2024 walipigania kusikizwa kwa sauti ambayo sheria ilikwisha kuwapa. Inasikitisha kuwa katika nyakati zote mbili jibu la kwanza lilikuwa risasi. Na yatupasa kukumbuka pia kuwa wabunge wale 195 na wale 106 hawakushuka kutoka mbinguni. Walichaguliwa mwaka 2022, na wako watu wazima wengi ambao siku ile walikaa nyumbani.

Basi, vijana, mtakaposimama kubishana juu ya mambo haya, msiyatenganishe. Mtu akiwaletea kodi mpya, mwulizeni itamwangukia nani zaidi, na kama huyo alisikizwa kabla haijaandikwa. Akiwaomba kura, mwulizeni atalinda mfuko wa nani, na msiridhike mpaka ataje kodi atakayoipandisha au matumizi atakayoyapunguza, maana ahadi isiyo na hesabu ni upepo. Akiwaambia kuwa taabu zenu zimeletwa na mgeni, mwulizeni mgeni huyo amekaa miaka mingapi, analipa nini, na ni nani anayefaidika akiendelea kuitwa mgeni.

Katika miaka michache ijayo kila mmoja wenu atakwenda kuomba kitambulisho chake. Wengi mtakipata kwa urahisi, mkitie mfukoni, mkisahau. Ombi langu ni dogo. Siku hiyo, katika foleni hiyo, tazameni nani amerudishwa, mkaulize ni kwa sababu gani. Atakayerudishwa hapo atakwenda moja kwa moja dukani kununua sabuni, naye atalipa kama ninyi.